Nani kachora ukuta huu? Mbeya, Iringa na mafundi wasio na majina

Wadau, leo naomba tuache kidogo siasa na bei ya mbolea. Nataka tuzungumzie kuta. Ndiyo, kuta zile zile unazozipita kila siku ukienda sokoni, kazini au kugombania gari la Uyole. Kuna waandishi wenzangu wa Dar es Salaam ambao kila tukikutana huniambia kitu kimoja: "Huko kwenu mikoani hakuna sanaa. Kuna viazi, mchele na baridi." Wanacheka, nami nacheka, maana ni marafiki. Lakini jambo lenyewe halichekeshi hata kidogo.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiwepo wa kuniuliza mwishoni nilikuwa nataka nini. Sanaa ya mtaani Mbeya na Iringa ipo. Ipo tele, na wapo watu wanaoishi kwayo. Inachokosa ni vitu viwili: jina la aliyeichora, na mahali pa kuitazama kwa utulivu. Na sasa inaondoka. Inaondoka taratibu, kibao kimoja baada ya kingine, wala hakuna anayelia.

Tuanze Mwanjelwa. Ukishuka kwenye daladala usikimbilie kuingia sokoni. Tazama kwanza mlango wa kinyozi. Utakuta vichwa vinne au sita vimepangwa safu kama picha za pasipoti: kiduku, panki, denge, na kichwa cha mwanamuziki fulani wa Marekani ambaye shingo yake imerefuka kuliko alivyoumbwa. Sogea buchani. Ng'ombe mnene kasimama kwenye majani mabichi, anatabasamu, hana habari na kinachomsubiri ndani. Nenda gereji, kuna tairi na spana zilizochorwa hadi unataka kuzishika. Baa nayo ina simba, na pembeni yake chupa ya bia inayotiririka matone ya ubaridi, katika mji ambao mwezi wa Juni watu hunywa bia ya moto na koti juu!

Halafu kuna shule za msingi. Wangapi kati yetu picha kubwa ya kwanza kuiona maishani ilikuwa kwenye ukuta wa darasa? Ramani ya Tanzania yenye mikoa ya rangi rangi, moyo wa binadamu, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, herufi na wanyama wake. Hilo ndilo lilikuwa jumba letu la sanaa, na halikuwa na kiingilio. Alichora nani? Mwalimu mwenye kipaji? Fundi wa mtaani aliyeitwa na kamati ya shule? Hatukuuliza.

Nisisitize kwamba kazi hii si ya kubahatisha. Fundi huanza kwa kupaka ukuta rangi ya chini, mara nyingi nyeupe, akaacha ikauke. Kisha anapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, mmoja juu na mmoja chini, ili herufi zikae sawa. Anaziandika kwanza kwa penseli au chaki huku akihesabu nafasi, maana sote tumewahi kuona kibao ambacho herufi za mwisho zimebanana kama abiria wa Hiace. Ndipo anajaza rangi ya mafuta kwa brashi. Mwisho anaweka kivuli upande mmoja wa kila herufi, na maneno yanaonekana kama yametoka nje ya ukuta. Kwenye kivuli ndipo fundi na mwanafunzi wanapotengana. Ukiona kivuli kimoja kiko kulia na kingine kushoto, ujue aliyeandika bado anajifunza.

Mzee mmoja wa kazi hiyo nilimkuta kwenye ngazi akimalizia jina la duka la dawa za mifugo. Nilimsubiri ashuke.

"Shikamoo mzee. Mbona kazi zako huandiki jina lako?"

"Marahaba mwanangu. Jina la nini? Mwenye duka kalipia jina lake, hakulipia langu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya mchicha, akaanza kusafisha brashi. Mimi ndiye nililiondoka nalo jibu lile, na ndilo lililonifanya niandike haya. Kwa sababu ukilifikiria vizuri, humo ndimo lilimo tatizo lote. Tumezoea kuamini kwamba aliyelipia ukuta ndiye mwenye ukuta na kila kilichomo. Fundi ni mkono tu, na nani anauliza mkono unaitwaje?

Matokeo yake tunayaona. Mwenye duka akihama, mpangaji mpya anapaka juu. Kampuni ya simu ikija na kopo zake, inapaka juu. Hebu kumbukeni tu: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na mwaka 2024 Tigo nayo ikawa Yas. Kila jina lilipobadilika, maduka ya barabarani yalibadili nguo. Sisi tunazikumbuka kampuni, tunakumbuka hadi rangi zake. Lakini mchoro uliokuwepo chini ya rangi hizo, nani anaukumbuka? Nani aliupiga picha?

Sitaki mnielewe vibaya. Tangazo ni haki ya mfanyabiashara, na fundi anayepewa kazi ya kupaka nembo anapata unga wa watoto. Ninachosema ni kwamba mji usiokuwa na kumbukumbu ya kuta zake ni sawa na mtu aliyechoma albamu ya picha za familia. Ataishi, ndiyo. Lakini watoto wakimuuliza zamani palikuwaje, atabaki kukuna kichwa.

Wapo watakaoniambia: kibao cha kinyozi si sanaa, acha kutukuza mambo. Hawa huwa nawapa mfano mmoja tu. Mwaka 1932 kule Tunduru alizaliwa mtu anaitwa Edward Saidi Tingatinga. Hakusoma chuo cha sanaa. Akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta za kawaida, juu ya vipande vya hadibodi. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani alichora kwa miaka minne hivi! Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na ukienda kwenye maduka ya watalii Zanzibar au Arusha utazikuta picha za wafuasi wake zimejaa.

Sasa nawauliza, rangi ya mafuta na kipande cha hadibodi vina tofauti gani na vifaa vya yule mzee wa Mwanjelwa? Ni vile vile. Tofauti ziko mbili. Ya kwanza, Tingatinga alikuwa na watu waliosimama, wakatazama, wakanunua. Ya pili, aliandika jina lake kwenye kona ya picha. Ile saini ndogo ndiyo iliyomvusha. Bila ile saini tungekuwa leo tunasema tu "zile picha za wanyama za Oysterbay", basi.

Wakati sisi tunabishana kama hii ni sanaa au si sanaa, mashine inafanya yake. Siku hizi mwenye saluni anakwenda na picha kwenye simu, anarudi na bango la turubai lililochapwa. Vile vichwa vya kinyozi vilivyochorwa kwa mkono vinapungua, na badala yake kuna picha za wanamitindo zilizotolewa kwenye intaneti, zile zile Mbeya, zile zile Mwanza, zile zile Lusaka. Simlaumu mwenye saluni, yeye anataka haraka na unafuu. Lakini baada ya misimu michache ya jua na mvua za Mbeya turubai lile linapauka, linachanika, linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Na fundi aliyekuwa na uwezo wa kufundisha vijana watatu sasa hana hata mmoja, kwa sababu kijana gani atajifunza kazi isiyo na wateja?

Sasa tupande basi twende Iringa, maana huko kuna mambo ya kujifunza. Ni kama kilometa 330 kwa barabara kuu, kupitia Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga. Na ukikaa dirishani, barabara yenyewe ni maonesho yanayotembea. Malori yanayotoka Tunduma yamebeba maneno nyuma: mengine ya kumshukuru Mungu, mengine ya kumjibu jirani mwenye wivu, mengine huelewi yanamjibu nani. Mengine yana tai, mengine yana sura ya mtume au ya mwanasiasa. Hakuna kati ya hayo yaliyojichora.

Iringa ni mji mdogo kuliko Mbeya, lakini kwa hili umetutangulia. Mwaka 2016 lilifunguliwa Boma la Iringa, makumbusho na kituo cha utamaduni ndani ya jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Jengo ambalo watu walilijua kama ofisi ya kwenda ukiwa na shida, sasa ni mahali pa kwenda ukiwa na hamu ya kujua. Unaingia, unasoma kuhusu watu wa Nyanda za Juu Kusini, unatazama vyombo na picha, unatoka umeongeza kitu. Ukichanganya na Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954, utaona Wahehe si watu wa kuchezea kwenye suala la kutunza. Kamwene, ndugu zangu!

Kuna pia Neema Crafts. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kikianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, umesoma sawasawa, kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja kazi nyingine nyingi za mikono, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na unaagiza chakula kwa kuandika au kwa ishara. Kinachonivutia hapo si huruma, na naamini wao wenyewe hawaitaki huruma yako. Kinachonivutia ni kwamba mgeni anaweza kupita kwenye karakana akamwona anayefuma na anayeshona. Kazi ina uso. Ukinunua unajua umenunua kwa nani. Hicho ndicho hasa mchora vibao wa Mwanjelwa hana.

Halafu kuna Igeleke. Nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Dodoma, kuna mwamba mkubwa wenye michoro ya kale ya rangi nyekundu iliyokoza: wanyama, watu, alama. Mimi huita huo ndio ukuta wa kwanza wa mtaa Iringa. Hakuna kampuni iliyoulipia. Mtu alisimama pale akiwa na rangi aliyoitengeneza mwenyewe, akaona jiwe safi, akasema hapa nitaacha kitu. Jina lake hatulijui, na hatuna wa kumlaumu, miaka ni mingi mno. Lakini mchoraji wa leo wa Mlandege au Kihesa yuko hai, ana simu mfukoni, ana watoto shuleni. Akisahaulika huyu, hatutasingizia miaka. Tutakuwa tumeamua.

Hata hivyo na Iringa nina neno nayo. Makumbusho yetu hupenda sana vitu ambavyo wenyewe wameshakufa. Mkuki, kiti cha chifu, chungu. Vyote vizuri. Lakini ni lini tutaning'iniza kibao cha kinyozi cha mwaka 1995 kwenye ukuta wa makumbusho, na chini yake tukaandika nani alikichora, mtaa gani, kwa rangi gani? Tunangoja fundi azikwe ndipo kazi yake iwe utamaduni?

Mbeya nasi tusijifanye hatujui maonesho. Kila Agosti uwanja wa John Mwakangale unafurika watu kwa ajili ya Nane Nane, na mwaka 2022 na 2023 maonesho ya kitaifa yalifanyika hapo hapo. Watu wanatoka Rungwe, Mbarali, Songwe na Njombe kuja kutazama ng'ombe, trekta na mbegu. Nani anasema wananchi wetu hawapendi maonesho? Wanapanga foleni juani! Na ukitazama kwa makini, kuta za mabanda mengi zimechorwa kwa mkono: mahindi, kahawa, chai, mtoto anakunywa maziwa. Mchoraji yupo kwenye maonesho kila mwaka. Ila yupo ukutani, si ndani ya banda.

Wenzetu wameshalitambua hili. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 Mikocheni, wasanii wanafanya kazi na watu wanaingia kutazama. Kuna kundi la Wachata lililoibeba grafiti ya Kitanzania tangu miaka ya 2000, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la mtaani "chata", yaani alama au nembo ya mtu. Nairobi mwaka 2012 Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walijaza kuta za katikati ya jiji picha ya tumbusi aliyevaa suti, kumwakilisha mwanasiasa mlafi. Serikali ilikasirika, wananchi walisimama kusoma. Sisemi Mbeya tuanze na tumbusi. Nasema tu kwamba ukuta ukiheshimiwa unaweza kuongea, na watu husikiliza.

Sasa nije kwenye mapendekezo, maana kulalamika bila kupendekeza ni kazi rahisi mno.

Kwanza, ninyi mafundi. Andikeni majina. Kona ya chini kulia, herufi ndogo, jina na namba ya simu. Mwenye duka akikataa, mwambieni hata kinyozi mwenyewe ameandika jina lake kubwa, ninyi mnaomba sentimita kumi tu. Ni tangazo la bure, na mteja wa kesho atakupata.

Pili, Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa. Kuna uzio mrefu wa viwanja, stendi, shule na zahanati ambao umepakwa chokaa na kuandikwa "usikojoe hapa". Tengeni ukuta mmoja tu kwa kuanzia, wapeni mafundi wa mtaa huo, na walipeni. Nasisitiza walipwe, maana sanaa ya "utapata umaarufu" tumeichoka. Naahidi ukuta wenye picha nzuri utaheshimika kuliko ule wenye onyo.

Tatu, waandaaji wa Nane Nane, banda moja. Fundi achore mbele ya watu, watoto wajaribu brashi, vibao vya zamani viwekwe. Trekta halitaona wivu.

Nne, Boma la Iringa litoe chumba kimoja kwa wiki tatu kwa wachora vibao wa mkoa, na sisi wa Mbeya tuanze kudai nyumba ya aina hiyo hapa. Majengo ya zamani tunayo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye mamlaka kuona kwamba jengo likiwa na picha linaweza kuwa na faida kama likiwa na mafaili.

Tano, sisi wengine wote. Kila mtu ana kamera siku hizi. Piga picha ya kibao kabla hakijapakwa juu. Andika mtaa, andika tarehe, na zaidi ya yote uliza jina la aliyechora, ukiandike na hilo. Miaka ishirini ijayo mwanafunzi mmoja wa historia atakuombea dua.

Najua wapo watakaosema kuna shida kubwa zaidi: maji, barabara, ajira. Kweli kabisa. Lakini hii pia ni ajira, tena ya watu wasiokuwa na cheti, waliojifunza kwa kushika ngazi ya mwingine. Ikifa, haitarudi kwa semina.

Nimesema yangu. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila kabla hajaanza kunipinga nampa kazi ndogo: atoke nje, atafute kibao cha mkono kilicho karibu na kwake, aulize nani alikichora. Akipata jina, aliandike mahali. Akikosa, basi ameshanielewa.

Nawasilisha.